Wimbo Nilioukata Katikati

Ntirenganya hakuwahi kuniibia, hakuwahi kunidanganya, na katika miaka niliyofanya naye kazi hakuwahi hata kunichelewesha. Mimi ndiye niliyemtoa nyumbani kwake. Sikumpiga wala sikumshitaki kwa askari. Nilikaa tu kwenye kiti cha plastiki ndani ya kioski yangu ya kaseti, kule Birere, sokoni Goma, nikabonyeza kitufe, na wimbo ulioimbwa na watu wawili ukabaki wa mtu mmoja. Vijana wanaosimulia habari zake siku hizi husema ni vita vilivyomfukuza. Vita vilisaidia.

Alizaliwa kwenye vilima vya Rutshuru, kwa watu wa maharagwe, na Kinyarwanda ndiyo lugha aliyonyonya. Alikuja Goma kijana, akawa mvunja mawe. Katika mji huu mawe ndiyo udongo wetu: ukitaka msingi, ukitaka ukuta, ukitaka hata shimo la choo, lazima mtu aje na nyundo. Alikuwa mfupi, mabega mapana, sauti kubwa kuliko kifua chake. Jioni alipiga ikembe, kile kisanduku chenye vyuma vinavyochezewa kwa vidole gumba. Mke wake Béata aliuza maharagwe mbele ya nyumba. Jirani yao wa upande wa kushoto alikuwa Baharanyi, Mushi kwa kabila, kutoka upande wa Bukavu, karani katika depo ya saruji, Mkatoliki wa kwaya, mtu wa kufunga kifungo cha juu cha shati hata kwenye jua. Kabla ya mlima wa moto kutapika, wawili hao walikuwa wakisalimiana tu, kila mmoja anaingia kwake.

Mlima ulitapika Alhamisi moja ya mwezi wa kwanza, mwaka 2002. Tulikimbilia Gisenyi, upande wa pili wa mpaka, na Jumapili tulikuwa tumekwisha rudi. Lava ilikuwa bado inatoa moshi, na viatu vya plastiki vilinata juu yake kama ubani wa kutafuna. Mimi nilikuwa natafuta mahali kioski yangu ilipokuwa. Ndipo nikawasikia wale wawili wakibishana katikati ya weusi ule.

"Hapa ndipo mulango yangu ilikuwa," Ntirenganya alisema.

"Mulango? Weye uko unasimama juu ya choo yangu."

"Choo yako ilikuwa kule, ku muti ya avoka."

"Na muti ya avoka iko wapi?"

Wakatazama wote wawili. Hapakuwa na mti, hapakuwa na ukuta, hapakuwa na hata bati moja la kuonyesha njia. Ntirenganya akakuna kichwa. "Bon," akasema, "kama ni hivyo, kwako na kwangu iko pamoja. Kesho mi nahamia kwako."

"Karibu," akajibu Baharanyi. "Mais, lakini, kuja na nyumba."

Kulikuwa na mama mmoja pale karibu aliyekuwa akilia tangu asubuhi. Alicheka hadi akaketi chini, akaruka juu mara moja kwa sababu jiwe lilikuwa bado la moto, na hapo tukacheka sote. Kwa siku tatu hakuna aliyekuwa amecheka Goma.

Ule ubishi juu ya parsele, yaani kiwanja, ndio uliokuwa wimbo. Ntirenganya aliuweka juu ya ikembe, Baharanyi akapiga dumu la mafuta la njano kama ngoma. Nusu ya kwanza ni ya Ntirenganya peke yake, naye anaiimba kwa majivuno kama mtu anayeingia kwa watu bila hodi:

*Baharanyi, songa kidogo,
kesho nahamia kwako.
Nitakalia kiti yako,
nitakula samaki sambaza yako,
mutoto wako ataniita papa,
na weye utalala inje.*

Kisha Baharanyi anakohoa kidogo, kama alivyokohoa kanisani kabla ya kusoma somo, na anajibu taratibu:

*Karibu, mutu wa maharagwe,
mais kuja na godoro,
kuja na mulango, kuja na bati,
juu mi mwenyewe niko nalala inje.*

Na mwishoni wanaimba pamoja kwamba mwenye nyumba ni yule wa kule juu anayevuta moshi, aliwapita wote wawili na hakuuliza nani alifika kwanza.

Msomaji wa mbali aelewe neno hilo. Kwetu, swali la nani alifika kwanza limechimba makaburi mengi. Watu hawa wawili waliliimba, na Mushi, Munande, Muhunde na mtu wa Rutshuru walicheka kwenye benchi moja. Wimbo ulikwenda kwenye arusi, kwenye matanga, kwenye ubatizo. Wakati huohuo wenyewe walikuwa wakijenga upya. Ntirenganya alivunja mawe ya nyumba zote mbili, Baharanyi alipata saruji kwa bei ya wafanyakazi wa depo, na ukuta mmoja wa kati wakautumia wote.

Mwaka 2005 niliwaleta kioskini kwangu, nikatundika blanketi ukutani, nikawarekodi. Tulipatana bei kwa dakika tano, maana sikuwaacha wapumue.

"Kahindo," Ntirenganya aliniambia akicheka, "weye Munande, ungeweza kumuuzia mulima moshi yake mwenyewe."

"Na ungeomba bakishishi," Baharanyi akaongeza.

Kaseti ilikwenda vizuri. Lakini mwaka 2007 akaja Aubin, dereva wa basi dogo la Rutshuru, mteja wangu mkubwa, aliyechukua kaseti kumi kumi na kuwagawia madereva wenzake.

"Mama Kahindo, ile wimbo ya parsele iko tamu. Mais ule Mushi akianza kujibu, batu wanasinzia. Kata pale."

"Nikate wimbo ya batu?"

"Unauzaka nyama pamoja na ngozi? Kata, uweke ya kucheza."

Nilisikiliza tena. Aubin alisema kweli: Baharanyi anaimba kama mtu anayehesabu mifuko. Nilikuwa na mashine mbili za kunakili. Sauti ya Ntirenganya ilipofika kwenye *utalala inje*, nikabonyeza, nikaunga muziki wa kucheza. Sikuwauliza wenyewe. Wao nilikuwa nimewapa nakala nzima zamani, na hizi zilikuwa za barabara ya Rutshuru. Kaseti mama, ile yenye wimbo wote, baadaye niliihitaji kwa kwaya nyingine, nikarekodi juu yake. Hivyo ndivyo tulivyofanya kazi sote pale Birere. Hakuna aliyeweka kitu kilichoacha kuuzika.

Mwezi wa kumi mwaka 2008 waasi, wengi wao wasemaji wa Kinyarwanda, waliteka Rutshuru na kushuka hadi Kibati, karibu na mji. Barabara ilijaa watu wenye magodoro kichwani. Basi la Aubin liliingia kwenye parking ya mabasi limebeba waliokimbia, wengine nyumba zao zimekwisha kukaliwa na watu wengine, na radio ya basi ilikuwa inaimba. Ilikuwa asubuhi, nilikuwa nimesimama hatua ishirini kutoka pale. Nikasikia sauti ile, lafudhi ile ya Rutshuru isiyofichika: *kesho nahamia kwako, na weye utalala inje.* Halafu ngoma za kucheza, kama watu wanaosherehekea.

Kijana mmoja wa mjini akapaza sauti: "Musikie! Hata wanaimba! Hawafichi tena!"

"Huyu ni nani?"

"Si ule muvunja mawe wa kwetu?"

Nilikuwa na mdomo. Ningeweza kusema: subirini, kuna jibu, na jibu liliimbwa na Mushi, na wimbo huu ni wa lava, si wa vita. Ningeweza. Lakini wangeuliza jibu liko wapi, na nani alilitoa, na nilikuwa na mdomo lakini nilikuwa pia na kioski ya mbao. Nikafunga kioski, nikawafuata nyuma kwa mbali. Ndicho kitendo changu chote cha siku hiyo: kufuata nyuma kwa mbali.

Hawakumuua. Walivunja mlango, wakamwaga maharagwe ya Béata juu ya mawe, wakamsukuma Ntirenganya mpaka barabarani, huku mmoja ameshika juu radio ndogo ya betri na kaseti ya Aubin inazunguka ndani. Baharanyi alitoka, akasimama mlangoni kwake na shati lake lililofungwa mpaka juu. Nilimwona akisikiliza. Alikuwa anangoja sauti yake. Wimbo ulifika pale anapoanza yeye, ukageuka ngoma. Akabaki anatazama ile radio. Kisha akaingia ndani, akafunga mlango.

Wiki hiyohiyo Ntirenganya aliondoka na mke na watoto kurudi Rutshuru, kulekule walikokimbia abiria wa basi la Aubin. Shefu wa avenyu, mkuu wa mtaa wao, akaifunga nyumba yake kwa kufuli na kusema atairudisha siku jirani wa ukuta mmoja atakapomtolea neno. Baharanyi hakutoa neno. Mwaka ukapita, na mwingine, hadi minne. Watu wakaacha kuuliza, na mimi nikaacha kaseti, nikanunua sono, yaani vipaza sauti na jenereta, nikawa nakodisha kwa arusi na mikutano. Nilifanikiwa. Nalisema kwa sababu ni kweli.

Katikati ya mwaka 2012 vita vilirudi Rutshuru, na kambi ya waliokimbia ikajaa kule Kanyaruchinya, nje kidogo ya mji. Huko ndiko nilikomwona tena. Nilikuwa nimeleta sono kwa misa. Béata alikuwa anafunga hema kwa kamba, akaniona kwanza.

"Mama Kahindo! Ungali mu Goma?"

"Ningali. Papa Ntirenganya je?"

Alitoka ndani ameinama, nywele zimeota mvi. Tulisalimiana, akanikalisha juu ya dumu. Nikauliza mbona hawarudi kwenye nyumba yao, kilomita chache tu.

"Nyumba iko na mwenyewe," alisema. "Mwenyewe ni Baharanyi. Ule alisikia vita inakuja, akajitoa mu wimbo, akaniacha peke yangu ndani. Franchement, kweli, Kahindo, sikuwakasirikia wale batoto. Batoto walisikia kitu kibaya. Mais yeye! Alienda kujitoa, halafu akafunga mulango."

"Alikuambia amejitoa?"

"Nani mwingine angemutoa?" akauliza Béata.

Nilisema jua limekuwa kali. Nikaenda kukunja nyaya zangu.

Ningebaki hivyo hadi kufa kama si Mama Olive. Huyu alikuwa mwenyekiti wa kina mama wa parokia, fundi wa kushona, mwanamke mnene mwenye sauti ndogo. Watu wa mtaani na watu wa kambini walikuwa wameanza kugombania bomba la maji, na maneno yaleyale ya zamani yamerudi midomoni. Alikuja kwangu asubuhi moja.

"Mama Kahindo, nataka baraza ku avenyu yetu. Kila mutu aseme chenye kiko mu roho. Mais tutaanza na ile wimbo ya parsele, yote, ili batu wasikie jibu. Uko na kaseti nzima?"

"Ilifutika, na nakala za zamani hazipatikane tena."

"Basi wenyewe watakuja waimbe. Na Ntirenganya arudishiwe nyumba palepale, mbele ya batu. Tukishindwa na hawa wawili, juu ya maji tutaweza nini? Enda uwapatanishe. Weye ukienda kununua mbuzi, hata mbuzi anakubali."

Nikaenda, maana kukataa kungehitaji maelezo.

Baharanyi nilimkuta depo, ananakili namba za mifuko. Alinisikiliza hadi mwisho, kalamu imesimama.

"Mama, unajua biashara," akasema. "Kitu kikiwa cha batu wawili, mumoja akaenda akakata sauti ya mwenzake, akauza peke yake, weye utaimba naye?"

"Labda si yeye, papa."

"Basi ni nani?"

Hapo palikuwa pa kusema. "Kaseti za zamani zilikuwa zinaharibika," nikasema.

"Kaseti haiharibike pale tu sauti yangu inaanzia." Akarudi kwenye namba zake, kisha akainua kichwa tena. "Unajua batu wa kwetu waliniita nini? Muchunga ng'ombe wa mutu wa Rutshuru. Miaka nilimutetea. Halafu nasikia wimbo, mi simo. Alinitumia kama dumu, akaona sina faida, akanitoa. Akiomba musamaha mbele ya batu, nitakuja."

Nikarudi Kanyaruchinya. Ntirenganya naye akasema: Baharanyi aombe msamaha mbele ya watu, nitakuja.

Nimepatanisha bei maisha yangu yote, lakini hilo lilikuwa soko la ajabu. Wanunuzi wawili, kila mmoja anamdai mwenzake mali, na mali yenyewe imo mfukoni mwangu. Nikafanya ninachojua. Nikamwambia Baharanyi kwamba mwenzake amelegea, ataomba msamaha. Nikamwambia Ntirenganya vilevile. Niliamini wakishaketi pamoja, mbele ya watu, na ikembe ipo, mambo yatajivuta yenyewe. Mara nyingi sokoni hujivuta.

Baraza lilikuwa Jumamosi mchana, kwenye uwanja wa mawe mbele ya nyumba zile mbili. Nilifunga sono mwenyewe. Walikuja watu kama mia mbili, wa avenyu upande huu na wa kambi upande ule, na Mama Olive katikati. Wale wawili waliketi kwenye benchi moja, wameacha katikati nafasi ya mtu wa tatu. Shefu wa avenyu alikuwa na funguo mkononi.

Mama Olive akasema, "Papa Ntirenganya, tunakusikiliza."

"Mi nimekuja kusikia," akasema Ntirenganya.

"Kusikia nini?" akauliza Baharanyi. "Mi ndiye nilikuja kusikia."

"Weye? Si unaomba musamaha?"

"Musamaha! Mi? Kahindo aliniambia ni weye unaomba!"

Watu wakaanza kunong'ona. Mwanamume mmoja wa nyuma akasema kwa sauti, "Mwaona? Hawa hawabadilike," na hakueleza ni hawa gani, kila upande ukajua ndio unaosemwa. Ntirenganya akasimama. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. Alikuwa kama mtu aliyehesabu mawe akakuta hayatoshi.

"Shefu," akasema, "nyumba umupatie mutu mwingine. Béata, tuende."

Béata akachukua kitenge chake kwenye benchi, akakikung'uta, akaanza kujifunga. Nikaona jinsi itakavyokuwa: watavuka uwanja ule, watafika barabarani, na sitakuwa tena na mtu wa kumwambia. Nilikuwa nimeshika kipaza sauti, kwa sababu ni changu. Nikasema:

"Hakuna aliyemukata mwenzake. Mi ndiye nilikata."

Sauti yangu ilitoka kwenye vipaza vyote vinne, ikarudi kutoka kwenye kuta za mawe. Sijawahi kuichukia sono kama siku ile.

"Ulikata nini?" shefu akauliza.

"Wimbo. Mwaka 2007, mu kioski yangu. Hawakujua, wote wawili. Asubuhi ile ku parking nilikuwepo, nikanyamaza. Na juzi niliwadanganya tena wote wawili ili waketi hapa."

"Juu ya nini?" Ilikuwa sauti ya Béata.

Nilitafuta jibu bora zaidi, sikupata. "Iliuzika vizuri zaidi," nikasema.

Mama mmoja wa kambini akapiga kofi mara moja, lile la kushangaa mtu mbaya. Mama Olive hakuniokoa. Baharanyi alikuwa ananitazama kama anavyotazama karatasi ya mzigo yenye namba isiyolingana.

"Ulikata wapi?"

"Kabla ya kukohoa."

"Kukohoa?"

"Unakohoa kidogo, papa, halafu unaanza. Nilitoa na kikohozi."

Nadhani ndipo aliponiamini, maana hakuna mtu mwingine aliyewahi kusikiliza mahali hapo mara nyingi kama mimi. Akageuka polepole kumwelekea Ntirenganya, ambaye alikuwa bado amesimama.

"Weye ulifikiri mi nilijitoa?"

"Na weye ulifikiri mi nilikutoa?"

"Miaka ine, mutu wa maharagwe! Miaka ine hukuweza kuja kuuliza?"

"Weye je? Rutshuru iko mu mwezi? Gari zinafika!"

"Mi niende Rutshuru, nikule nini? Maharagwe asubuhi, maharagwe mangaribi, na wimbo ya maharagwe ku kitanda?"

Mtu mmoja akacheka, sijui wa upande gani. Ntirenganya akaketi, na safari hii aliketi mahali pa mtu wa tatu. "Mushi huyu," akawaambia watu, "alifunga mulango mbele yangu, na mulango ile, mi ndiye nilimuvunjia mawe ya kuisimamisha."

"Ndiyo maana iko napinda," akajibu Baharanyi.

Kisha macho yao wote wawili yakawa mekundu. Baharanyi ndiye aliyetafuta kwa mkono dumu lililowekwa kando ya benchi, bila kuinua kichwa. Ntirenganya akaanza. Sauti ilikuwa imechakaa, lakini majivuno yapo. Alipofika kwenye *utalala inje*, wale vijana waliomsukuma mwaka 2008, sasa wanaume, wakatazama viatu vyao. Baharanyi akakohoa, akajibu.

Wengi, watu wa kambi na vijana, walikuwa hawajawahi kusikia jibu lile. Niliwaona wakilisikiliza neno kwa neno, na kwenye mwisho, pale pa nani alifika kwanza, mama aliyepiga kofi la kunishangaa alikuwa anaitikia pamoja na mke wa shefu. Wimbo ulipokwisha, Baharanyi alisimama, akafunga vizuri kifungo cha juu, akamwambia shefu:

"Andika. Huyu ni jirani yangu."

Baada ya hapo wakazungumza juu ya bomba la maji, saa mbili nzima, kwa makelele, wakakubaliana zamu. Mimi nilikunja nyaya. Hakuna aliyenitukana. Hakuna aliyenishika hata spika moja kunisaidia.

Nisije nikauza nisichokuwa nacho: wimbo haukuzuia bunduki. Mwezi wa kumi na moja mwaka uleule waasi waliingia Goma, wakakaa siku chache, wakatoka. Walipotoka, kikundi cha vijana kilipita kwenye avenyu kikiuliza nyumba za watu wa Rutshuru. Walimkuta Baharanyi ameketi mbele ya lango la Ntirenganya, na wanaume wengine saba wa avenyu, wanapiga stori. Wakauliza. Baharanyi akawaambia huyo mnayemtafuta ni takataka, ni mlafi, anakoroma hadi ukuta wangu unatikisika, na ni wa kwetu, piteni. Wakapita.

Nilimwomba Ntirenganya msamaha. Nilienda nyumbani kwake, nikaketi, nikasema maneno yote kwa mpangilio. Akasema, "Imeisha, mama." Béata akaleta chai. Nilikunywa, nikaondoka. Nilikuwa nimepata nilichoomba, na njiani nilijikuta nakihesabu tena, kana kwamba wamenipunja.

Mwaka 2021 mlima ulitapika tena, na siku chache baadaye serikali ikasema tuhame. Nilikuwa kwenye barabara ya Sake na maelfu ya watu, jua limesimama kichwani, nikawaona mbele yangu: wazee wawili wanasukuma chukudu moja, baiskeli ile ya mbao, iliyojaa magunia, Béata nyuma anashikilia mzigo. Walikuwa wanatukanana bila kupumzika. Baharanyi anasema mtu wa Rutshuru anasukuma kama ng'ombe mgonjwa. Ntirenganya anasema Mushi anasukuma kwa kalamu. Kila aliyewapita walimpa lake. Polisi, sista wa parokia, dereva mwenye tumbo, wote walipata tusi na wote walikwenda wakicheka.

Nikaongeza hatua, nikawafikia. Nilikuwa nimekwisha tayarisha tusi langu.

"Papa Ntirenganya," nikasema, "mulima inakufukuza mara ya pili, na ungali hujajifunza kukimbia?"

Alisimamisha chukudu. Akavua kofia, akanipa mkono, na mkono wa kushoto ameuweka kwenye kiwiko cha ule wa kulia, kama tunavyowapa watu wa heshima, wale tusiotaniana nao.

"Ndiyo, mama," akasema kwa upole. "Na batoto wako wazima?"